Uzi Wangu Hauna Kesi

Rili niliachiwa na Wekulo, fundi wa eksirei,
siku alipohamishiwa Wajir. Akasema
kule atavua nini, mchanga?
Ilikuwa tupu. Gurudumu lake dogo
lilinitazama kama jicho lisilo na mboni.

Jumamosi nikaenda Kibuye, nyuma ya wauza mitumba,
kwa Dorsila Nyangweso, mwenye nyavu, ndoana, vyelezo
na kila kitu duniani kiitwacho uzi.
"Nipe ule mnene," nikasema. "Nataka sangara."
Hakuinua macho. Alikuwa akimenya njugu.
"Kila mtu anataka sangara.
Mnene kafungie ng'ombe."

Kabla ya kuuza uzi aliusokota:
miaka kumi na mmoja kiwandani, zamu ya usiku,
pamba ikimjaa puani hadi akipiga chafya, chafya nyeupe,
mpaka mashine ziliponyamaza.
Vidole bado vinasikia.
Anavuta pima moja, anafumba jicho,
anaupitisha uzi juu ya mdomo wa chini, polepole,
na ukiwa na kovu mahali, anajua.

"Hii nailoni ina kumbukumbu," akasema.
"Ikikaa mwezi kwenye rili ndogo inajifunza duara.
Ukiirusha, inatoka pete pete,
kama vikonyo vya mboga ya maboga.
Nene ndiyo mbaya zaidi, haisahau.
Nyembamba husamehe."

(Ninao jamaa wa aina zote mbili.)

"Na huu wa kusukwa?"
Mwembamba kama unywele wa mtoto, kijani cha gugu maji,
na bado unabeba kilo tisa.
"Huo haunyumbuki. Samaki akikohoa Homa Bay, utasikia.
Ila unateleza. Ukiufunga kwenye chuma kitupu
utazungusha hadi jioni, gurudumu lisishike kitu.
Anza na nailoni, mizunguko michache,
kama fulana ndani ya shati.
Na mbele, penye ndoana, weka kipande cha mnene.
Ndiyo, mnene wako huo. Urefu wa mkono.
Sangara ana msumeno shavuni, na Dunga ina mawe."

Mia saba na hamsini. Nikaomba apunguze.
Akapunguza njugu alizokuwa akinipa.

"Lowesha fundo kwa mate kabla hujalikaza,"
akasema nikiwa tayari nimempa mgongo.

Sasa, mimi nafunga mafundo kwa mshahara.
Tumbo la mtu liko wazi, taa inaniunguza kisogo,
nami nafunga kwa mkono mmoja
huku nikibishana na nesi juu ya mpira wa jana.
Fundo nifundishwe na muuza nyavu?

Jumapili, Dunga, jua halijatoka.
Nikarusha. Uzi ukaondoka bila neno,
bila pete, bila kukwaruza,
ukaenda mbali kuliko mkono wangu ulivyostahili.
Mara ya tano, au ya sita,
ziwa likanishika mkono.
Rili ikalia kama mtoto anayenyang'anywa kitu.
Nikaona ubavu, fedha, mpana kama sinia,
kisha ufito ukanyooka.
Nikabaki nimesimama na uzi mwepesi,
mwepesi kiasi cha kutia aibu.

Jumatatu nikampelekea ushahidi.
"Uzi wako umekatika."
Akavaa miwani, akaigeuza ncha kwenye mwanga
kama mimi nisomavyo picha za Wekulo.
Ncha ilikuwa imejikunja, mkia wa nguruwe kabisa.

"Uliokatika huchanika," akasema.
"Huu umejiviringa. Haukukatika, ulifunguka.
Uzi wangu hauna kesi."

Akanisogezea sahani ya njugu.
"Mate ulitia?"

Nikachukua nyingi,
nikatafuna polepole,
ili mdomo uwe na shughuli.